Ten Pasenti ya Nani? Maswali Yenu Kuhusu Tenda na Kitu Kidogo

Tangu toleo lililopita tulipoandika kuhusu vijana wa Nairobi wanaochukua cheti cha AGPO, ule mpango wa kuwatengea vijana, akina mama na walemavu tenda, ili wafanye biashara na serikali, meseji zimekuja nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja, nikiambiwa nitoe kitu kidogo nifanye nini. Nimechagua chache. Majina tumeyaondoa na ofisi pia hatuzitaji, na mwenye kesi iliyofika kortini tayari tafadhali ashike wakili.

SWALI: Habari ya kazi dada. Mimi nina biashara ndogo ya stesheneri huku Umoja, kampuni imesajiliwa AGPO kama ya akina mama. Mwaka jana nilipata LPO, yaani oda ya kununua, ya shilingi 640,000 kupeleka karatasi za printa, mafaili na tona kwa ofisi moja ya serikali hapa mjini. Nilipeleka kila kitu, wakahesabu, wakasaini. Sasa ni miezi mitano sijalipwa. Nikienda leo naambiwa faili iko kwa huyu, kesho iko kwa yule, alafu juzi kijana mmoja wa akaunti akanivuta kwa korido akaniambia mama usikule peke yako, toa ten pasenti vocha itembee. Pesa ya mali nilikopa kwa chama na riba inaendelea. Nikitoa naumia nisipotoa naumia. — Mama wa Umoja

JIBU: Mama pole sana, na nashukuru umeandika kabla hujatoa chochote, kwa sababu mtu akishatoa mambo yanabadilika kabisa. Tupige hesabu kwanza. Ten pasenti ya 640,000 ni 64,000. Kwa stesheneri mtu wa kiwango chako akibaki na faida ya laki moja amefanya vizuri, sasa toa riba ya chama, toa gari la kubeba mali, toa hiyo 64,000, umebaki na nini? Na LPO ikija tena utafanyaje, utapandisha bei ama utapeleka karatasi nyembamba inayokwama kwa printa, sioni njia ya tatu. Ndio maana nakasirika mtu akisema hiyo ni siri ya saplaya na karani haimhusu mtu mwingine. Inamhusu kila mtu anayelipa kodi. Bado tunakumbuka wilbaro za kaunti ya Bungoma za 2015, kumi kwa zaidi ya milioni moja, yaani kila moja kama 109,000. Bei ikifika hapo jua kuna watu kadhaa walipitisha karatasi na hakuna aliyeuliza.

Usitoe. Sheria ya hongo ya 2016 inamshika anayetoa na anayepokea wote wawili, kifungo hadi miaka 10 ama faini hadi milioni 5 ama vyote viwili, na juu yake mahakama inaweza kuongeza faini ya kurudisha mara kadhaa kile ulichofaidika. Huyo kijana anajua hilo, ndio maana alikuita korido badala ya kukuandikia emaili. Nguvu yake yote iko kwa korido, kwa hivyo kazi yako ya kwanza ni kuyatoa haya maneno korido uyaweke kwa karatasi.

Andika barua kwa yule mkubwa anayebeba jukumu la pesa kisheria, kwa wizara ni katibu, kwa shirika la serikali ni mkurugenzi mkuu. Weka ndani nakala ya LPO, deliveri noti iliyosainiwa, ile ripoti ya kamati ya ukaguzi iliyopokea mali, na invoisi. Usimtaje kijana, usilaumu mtu, uliza mambo matatu tu: invoisi yangu ilipokelewa tarehe gani, saa hii iko meza gani, na italipwa lini. Sheria ya ununuzi ya 2015 inazungumzia riba kwa malipo yaliyochelewa, kwa hivyo soma mkataba wako na uitaje riba hiyo kwa heshima. Chapisha nakala mbili, peleka wewe mwenyewe, moja ibaki masjala na nyingine ipigwe muhuri wa tarehe mbele yako uende nayo. Huo muhuri ni mali, usiupoteze.

Wakinyamaza, kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Unaandika ombi la habari, na ofisi ina siku 21 kukujibu. Wasipojibu unaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, wale watu wanawaita Ombudsman, nao kazi yao ni pamoja na malalamiko ya kuzungushwa namna hii. Mtu wa akaunti akijua faili yako ina macho ya Ombudsman hatakuvuta korido tena.

Na kuhusu yeye kuitisha pesa, hiyo peleka EACC, tume ya kupambana na ufisadi, kabla hajaitisha mara ya pili. Laini yao ya bure ni 1551, ama nenda Integrity Centre pale Milimani, ama meza yao kwenye Huduma Centre. Mara nyingi wanakupa kifaa cha kurekodi urudi uongee naye, na ikifika kwa pesa wanatumia noti walizopaka dawa ili zikishikwa alama ibaki mkononi. Usijifanye askari wewe mwenyewe ukaanza kutega watu. Lakini kama ana tabia ya kukutumia meseji, usifute, usibadilishe simu, usidhani kupiga picha ya skrini inatosha, maana korti ikipokea ushahidi wa kielektroniki inataka cheti kuonyesha umetoka kwa kifaa gani na umetolewaje. Alafu uwe na daftari. Kila ukienda hiyo ofisi andika tarehe, saa, uliongea na nani, alisema nini, na uandike siku hiyo hiyo.

Siwezi kukuahidi kwamba pesa itaingia Ijumaa, bili zilizokaa za wanakandarasi ni donda la nchi nzima. Lakini nataka tuelewane hapa, watu wakiongea kuhusu ufisadi wa tenda wanaangalia siku ya kufungua zabuni na wanasahau malipo, na malipo ndio saplaya mdogo anakamatwa shingo, kwa sababu ameshatoa mali na ana deni. Serikali ikitaka kumaliza hii, ianze na foleni. Kila ofisi itoe hadharani invoisi iliyoingia lini, ya kiasi gani, inalipwa kwa mpangilio gani, na aliyeingia kwanza alipwe kwanza. Mtu hawezi kukuuzia nafasi kwa foleni ambayo kila mtu anaiona.

SWALI: Nimenyimwa tenda ya kusafisha ofisi fulani. Siku ya kufungua zabuni nilikuwepo, bei zikasomwa, yangu ilikuwa chini ya wote. Barua imekuja inasema tu sikufaulu, na aliyepewa bei yake nilisikia na masikio yangu iko juu. Nina uhakika wamekula. Barua niliipata siku tisa zilizopita. — Kijana wa Kasarani

JIBU: Huyu tulimpigia simu siku ile ile sababu siku zilikuwa zinaisha, lakini nawaandikia wengine. Ndugu yangu una siku 14 tangu upate barua, si siku 14 za kazi, siku 14 basi. Ndani ya hizo unapeleka ombi kwa bodi ya kukagua malalamiko ya ununuzi wa umma, na ukishapeleka shughuli yote ya hiyo tenda inasimama, hawawezi kusaini mkataba. Bodi ina siku 21 kuamua. Asiyeridhika anaenda Mahakama Kuu, tena ndani ya siku 14. Zikipita umekaa ukilalamika kwa WhatsApp, hakuna mtu atakusikiliza hata kama ulidhulumiwa mchana kweupe.

Kabla ya hapo, kesho asubuhi, andika uwaulize sababu. Sheria inasema walioshinda na walioshindwa wajulishwe wakati mmoja, na aliyeshindwa aambiwe kwa nini. Barua ya "hukufaulu" peke yake haitoshi. Lakini pia jikague kwa ukweli. Bei ya chini inahesabiwa kwa waliopita hatua za kwanza tu, na kuna watu wazuri wanaanguka kwa sababu hawakupiga nambari kila ukurasa wa zabuni yao, kitu ambacho sheria inakitaja waziwazi, ama cheti cha kodi kilikuwa kimeisha wiki hiyo. Kama ulianguka hapo, hujaibiwa, na usiite mtu mwizi. Kama hukuanguka hapo na sababu waliyokupa haimo kwenye vigezo vilivyokuwa kwa makaratasi ya tenda, basi una kesi.

Na siku nyingine ukiwa kwa ufunguzi angalia kitu kimoja. Wajumbe wa kamati ya kufungua wanatakiwa kuweka sahihi zao fupi kando ya bei kwa kila zabuni. Ukiona hawafanyi uliza kwa sauti, na uombe iandikwe, maana ukurasa wa bei usio na sahihi ni rahisi kubadilishwa usiku.

SWALI: Rafiki yangu ana kampuni, huwa ananiomba nimpe letahedi na muhuri wa kampuni yangu aandike kwotesheni ya juu ili yake ionekane ya chini. Ananitumia elfu tano kwa Mpesa. Sioni kama ni hongo sababu mimi sipati tenda. Kuna shida? — Fundi, Kariobangi

JIBU: Kuna shida kubwa na inaanza na hiyo elfu tano iliyo kwa rekodi ya Mpesa yako.

Kwotesheni tatu zimewekwa ili kuwe na watu watatu wanaoshindana kweli. Nyinyi mnaleta mtu mmoja mwenye kofia tatu. Bei inayotoka hapo ni ile rafiki yako aliamka nayo asubuhi, na mara nyingi kuna afisa ndani anayejua, kwa sababu yeye ndiye alichagua nani aombwe kwotesheni, na fungu lake liko ndani ya hiyo bei. Sheria ya ununuzi inaita hiyo njama, sheria ya ushindani ya 2010 nayo inaikataza, na kampuni yako inaweza kufungiwa kufanya kazi na serikali kwa muda usiopungua miaka mitatu. Yako, si ya rafiki peke yake, letahedi ni yako na muhuri ni wako. Siku hizi tena si ngumu kugundua, wakiitisha CR12, ile karatasi ya msajili ya wenye kampuni, ya kampuni zote tatu wanaona wakurugenzi, na wenye faida halisi ya kampuni pia wanatakiwa kuandikishwa kwa msajili. Mara nyingine hata hawahitaji kufika huko, kwotesheni tatu zina kosa moja la spelling mahali pamoja.

Mwambie rafiki yako hapana, chukua muhuri wako urudishe nyumbani. Kama kuna ofisi anayoipelekea hizi karatasi na wewe una uwezo wa kazi hiyo, weka bei yako ya ukweli ushindane naye.

SWALI: Nafanya kazi kwa ofisi ya umma, mimi ni mdogo tu. Nimewekwa kwa kamati ya kukagua mali iliyoletwa. Bosi ameniambia nisaini kwamba kompyuta 40 zimefika, stoo ziko 22. Anasema zingine zinakuja, mwisho wa mwaka wa fedha umekaribia, tusipoteze bajeti. Wenzangu wawili wameshasaini. Nina watoto wawili na kazi ni ya mkataba. — Naogopa

JIBU: Dada, ama kaka, hukusema, nimesoma barua yako mara nyingi. Usisaini 40.

Nitakwambia kwa nini kwa upande wako kwanza. Hiyo kamati ya ukaguzi sheria iliiweka makusudi iwe tofauti na walionunua na tofauti na wanaolipa, ili pesa isitoke mpaka mtu asiyehusika aone mali kwa macho. Kwa karatasi hiyo jina la bosi halipo. Lipo lako. Kulipia mali ambayo haikuletwa, ama haikuletwa yote, imetajwa kwenye sheria ya ufisadi na makosa ya kiuchumi ya 2003, na faini yake inaweza kuwa mara mbili ya hasara. Bosi aliyekwambia kwa mdomo kesho atasema hakukwambia. Hiyo hadithi ya mwisho wa mwaka wa fedha nayo imezeeka, kila Juni mnaisikia. Bajeti ikirudi Hazina hakuna mtu anafungwa.

Sasa fanya hivi. Nenda stoo, hesabu, andika nambari za kila kompyuta, piga picha. Alafu andika kwa ripoti kwamba zimepokelewa 22 na 18 hazijafika, weka sahihi yako kwa hiyo 22. Wenzako wakiandika 40, andika kutokubaliana kwako ndani ya ripoti hiyo hiyo. Bosi akikusukuma, mwambie kwa upole akuandikie maagizo yake, na asipotaka kuandika, wewe muandikie emaili: "Kufuatia mazungumzo yetu ya leo kuhusu kompyuta, naomba maelekezo kwa maandishi." Watu wengi huachia hapo.

Ukijua ama ukishuku kwamba kuna hongo ndani, na uko kwa nafasi ya mamlaka, sheria ya 2016 inakupa saa 24 kuripoti kwa EACC, kunyamaza kunakuweka mashakani wewe mwenyewe. Usijiulize kama wewe ni mdogo sana kuitwa mwenye mamlaka, ripoti tu. Wana njia ya mtandaoni ambapo unaripoti bila jina, unapewa sanduku la siri la kuendelea kuwasiliana nao wakikuuliza maswali. Usitumie kompyuta ya ofisi wala wifi ya ofisi. Sheria hiyo hiyo inamfanya mtu anayemtisha ama kumnyanyasa aliyeripoti kuwa na kosa, faini hadi milioni moja ama kifungo hadi mwaka mmoja, na kuna wakala wa kulinda mashahidi chini ya sheria ya 2006.

Lakini siwezi kukuandikia kama kwamba ulinzi huo ni ukuta. David Munyakei alikuwa karani tu wa Benki Kuu, aliona malipo ya Goldenberg ya dhahabu na almasi ambazo hazikuwa zinauzwa nje, akatoa karatasi. Alikamatwa 1993, akapoteza kazi, akafa 2006 akiwa maskini. John Githongo alikuwa katibu wa maadili ofisi ya rais, sakata ya tenda hewa ya Anglo Leasing ilimfanya ajiuzulu 2005 akiwa London. Na Anglo Leasing yenyewe haikuisha, 2014 Kenya ililipa kama shilingi bilioni 1.4 kwa kampuni mbili za sakata hiyo kwa sababu ya hukumu za mahakama za nje. Muswada wa kuwalinda wafichuaji umezungushwa bungeni miaka na miaka, na mi nasema kila mbunge anayeuchelewesha ana deni kwa watu kama wewe. Kwa hivyo usiwe shujaa wa peke yako. Weka nakala nje ya ofisi, mwambie mtu mmoja unayemwamini nyumbani, na kama una chama cha wafanyakazi wajulishe mapema. Na kumbuka kukataa kusaini uongo si kutoa siri ya ofisi, ni kufanya kazi uliyopewa na hiyo kamati. Hapo una mguu imara zaidi kuliko unavyodhani.

SWALI: Mimi ni sabu-kontrakta wa mambo ya umeme. Kontrakta mkubwa ana kazi ya ukarabati inayolipwa na serikali ya Marekani, meneja wake wa mradi ananiambia nikitaka hiyo kazi ya waya niongeze 8% kwa bei yangu alafu nimrudishie. Serikali haipo hapo, ni kampuni kwa kampuni. Si ni kamisheni ya kawaida? — Wa Industrial Area

JIBU: Hapana si kamisheni. Kamisheni inaandikwa kwa mkataba na mwenye pesa anaijua. Hii mwenye pesa hajui na ndiye anailipa.

Watu wengi wa Nairobi hawajui kwamba Wamarekani wana sheria ya 1986 iliyotungwa kwa hali kama hii yako kabisa, sabu-kontrakta anampa kitu mtu wa kontrakta mkuu ili apate kazi ya serikali yao. Kutoa, kupokea, kuitisha, na kuficha hiyo pesa ndani ya bei, yote ni makosa, kifungo hadi miaka 10, na upande wa madai wanaweza kudai mara mbili ya pesa hiyo na adhabu juu. Kwa kandarasi kubwa kipengele chake kinaingizwa kwa mkataba na kinashuka mpaka kwa sabu-kontrakta, kwa hivyo tafuta kwa makaratasi yako, unaweza kuwa ulishakisaini bila kusoma. Kontrakta mkuu mwenyewe akishuku anatakiwa kuripoti kwa maandishi kwa mkaguzi wa serikali yao. Na hapa nyumbani sheria yetu ya hongo haiangalii kama ni ofisi ya umma ama kampuni binafsi, inataka kila kampuni iwe na taratibu za kuzuia hongo kulingana na ukubwa wake. Mkuu wa kampuni hiyo hataki kusikia meneja wake anafanya hivi, amini. Mwandikie yeye, ama kitengo chao cha maadili, na bei yako ibaki ile ile.

Kama mradi ungekuwa wa Benki ya Dunia, wakikufungia jina lako linaenda kwa orodha ya wazi mtandaoni, na tangu makubaliano ya 2010 benki kama ile ya Maendeleo ya Afrika zinaweza kukufungia pia kwa sababu hiyo hiyo. Fundi wa umeme aliyefungiwa huko amekosa miradi mingi sana.

Na usiseme hawakamatwi. Kampuni ya Uingereza ya kuchapisha karatasi, Smith & Ouzman, ililipa hongo kwa maafisa wa uchaguzi na wa mitihani hapa kwetu, wakaita pesa hiyo kuku kwenye emaili zao, wakaificha kama kamisheni ya wakala na kuiingiza kwa bei ya karatasi. Desemba 2014 korti ya London ikawapata na hatia kampuni na wakuu wake wawili, mmoja akafungwa miaka mitatu, na 2016 kampuni ikaamriwa kulipa jumla ya pauni milioni 2.2. Sehemu ya pesa ilirudi Kenya ikanunua ambulensi. Emaili ndizo ziliwamaliza. Meneja wako naye atakuwa na emaili.

SWALI: Afisa wa ununuzi amenisaidia sana kuelewa makaratasi, hakuitisha kitu. Krismasi nimpelekee mbuzi? — Mshukuru, Dagoretti

JIBU: Usipeleke. Najua moyo wako ni mzuri na kwetu mtu akikusaidia unamkumbuka, lakini wewe ni saplaya na yeye ndiye anashika faili yako, mbuzi huyo akionekana kwake hata tenda uliyoshinda kwa haki itapata doa. Muandikie bosi wake barua ya kusifu kazi yake. Hiyo itakaa kwa faili yake mpaka siku ya kupandishwa cheo.

SWALI: Barabara ya mtaa wetu Kayole imechimbwa ikaachwa, kontrakta haonekani. Tunasikia alilipwa yote. Sisi si mawakili wala hatuna tenda, wananchi tu. Tunaweza kujua ukweli? — Vijana wa mtaa

JIBU: Mnaweza, na sihitaji mtu yeyote anipe ruhusa kusema hivyo, kifungu cha 227 cha katiba kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki na wazi. Anzeni na tenders.go.ke, tangu Julai 2018 ofisi za umma ziliagizwa kuweka hadharani tenda walizotoa, kampuni iliyopewa na bei. Zingine hazijaweka vizuri, na ule mfumo mpya wa ununuzi wa kielektroniki wa 2025 nao ulizua mabishano hadi kortini, lakini tafuteni kwa jina la barabara na kwa jina la kampuni iliyokuwa kwa ile bango la mradi, kama bango bado liko lipigeni picha leo. Kwanza mjue barabara ni ya nani, ya kaunti ama ya mamlaka ya barabara za mijini, maana mkiandikia mtu asiyehusika mtazungushwa mwezi mzima.

Alafu andikeni ombi la habari, lile la siku 21 nililomwambia mama wa Umoja. Ombeni mkataba, orodha ya kazi na bei ya kila kitu, vyeti vya malipo vilivyotolewa mpaka sasa na nani alivisaini, na kama bei iliongezwa katikati, kwa sababu sheria imeweka kikomo cha asilimia 25 kwa nyongeza ya bei ya mkataba. Mkipata orodha ya kazi chukueni kamba ya kupimia mtembee na mtu anayejua ujenzi, mpime urefu, upana, mitaro. Karatasi ikisema mita 900 za mtaro na nyinyi mmepima 300, hapo hamhitaji kubishana na mtu.

Someni pia ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Serikali, ziko wazi, ni zake zilizoonyesha nchi nzima manunuzi ya Covid ya Kemsa, shirika la serikali la dawa, ya 2020 ya shilingi bilioni 7.8. Pelekeni mlichopima kwa MCA wenu, mwakilishi wa wodi, kwa maandishi na nakala kwa EACC, barua iwe na sahihi za watu wengi ili asitafutwe mmoja. Vipimo mkishapata mtutumie na hapa, tutaiandikia ofisi husika kuomba jibu na jibu lao tutalichapisha lote bila kukata.